Kidole Gumba cha Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cheche alifagia karakana ya mama yake. Ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye meza ndefu na harufu ya vanishi iliyopata moto. Mama alikuwa fundi wa mota. Pampu za maji, feni, mashine za kusaga, chochote chenye koili iliyoungua kililetwa kwake, naye akakisukia waya mpya. Kwa hiyo takataka za nyumba ile hazikuwa vumbi tu. Zilikuwa vipande vya waya wa shaba, na ukivikanyaga peku utajua mwenyewe.

Cheche halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alilipata mtaani kwa sababu ya hasira zake za karibu. Watu walipomwuliza mama yake mtoto huyu amemrithi nani, mama alifoka, "Mnauliza nini?" Nao wakawa wamejibiwa.

Pembeni ya meza kulikuwa na kabati lenye kufuli, na ndani ya kabati kulikuwa na rili, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Rili ile ilitengenezwa kwa ajili ya babu. Babu alikuwa mwoka mikate mpaka alipostaafu, na furaha yake ya uzeeni ilikuwa kuvua kwenye ukuta wa mawe kando ya maji. Kisha akapata kiharusi. Alipona, ila kidole gumba cha mkono wa kulia kilibaki kimelala.

Kidole gumba ndicho breki ya mvuvi wa fimbo. Akirusha ndoana, bobini iliyobeba mshipi huzunguka kwa kasi. Ndoana ikipunguza mwendo, bobini haina habari, inaendelea kumwaga mshipi, na mshipi unajisokota kama nywele zisizojua kitana. Mvuvi huibana kwa kidole. Babu hakuweza, basi akawa anashinda ukutani akifungua mafundo. Mama akasema, kama kidole kimekufa, yeye ataunda kingine.

Aliunda na Mjomba Waya, fundi redio mwenye kibanda nyuma ya stendi. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini walikuwa wameshibana. Waliweka sumaku, koili na betri ndogo, na bobini ikizidi mbio, umeme unaibana. Waliporidhika na kazi yao walipeleka maombi ya hataza, ile haki inayomzuia mtu mwingine asitengeneze kitu chako na kukiita chake. Sharti la hataza ni kwamba kitu kiwe kipya, kisiwe kimeonyeshwa watu kabla ya maombi kupokelewa. Kwa hiyo tangu mwanzo mama alikuwa ametoa amri kwamba rili ile isivuke kizingiti cha nyumba.

Siku moja mama alirudi kutoka ofisi ya hataza na kuubwaga mkoba mezani kama anayeua nyoka. Cheche na babu wakaacha walichokuwa wakifanya.

Mkaguzi, alisema mama, yule mtu anayepima kila maombi kuona kama kitu ni kipya kweli, amelikataa dai lao kuu, yaani ile sentensi ya maombi inayotaja uvumbuzi wenyewe. Anadai breki ya umeme ya namna hiyo ilishaonekana hadharani kabla ya maombi. Ipo kwenye video, na video iliwekwa mtandaoni na duka moja la vifaa vya uvuvi. Mkaguzi alitaka kumwonyesha, lakini mama alikuwa ameshasimama, na mlango wa ofisi ile, alieleza kwa fahari kidogo, hautamsahau.

"Waliojua habari ya breki hii ni wanne," alisema. "Mimi, baba, mtoto, na yule fundi redio. Mimi sikusema. Baba hana hata simu. Mtoto nilimkataza. Haya, jumlisheni wenyewe."

Cheche alijua jibu la hesabu ile, na halikuwa Mjomba Waya.

Ilikuwa wakati wa likizo, kabla maombi hayajapelekwa. Alikuwa amemfuata babu ukutani akakuta watoto wamemzunguka wanacheka. Mmoja wao alisema, "Mwenzetu, babu yako havui. Anafuma sweta." Babu mwenyewe alicheka, lakini Cheche aliona jinsi alivyoinamisha uso juu ya mafundo. Damu ikampanda. Alikimbia nyumbani, akachukua ufunguo chini ya kopo la vanishi, akarudi na rili. Akaifunga kwenye fimbo, akarusha, na mshipi ukaenda umenyooka kama umepigwa rula. Kicheko kikakatika. Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka. Alieleza sumaku, alieleza koili, alieleza jinsi bobini inavyobanwa. Mwenye duka la vifaa vya uvuvi alikuwa pale, simu mkononi. Cheche alimsihi babu asiseme neno, na babu, aliyefurahi kutetewa, aliona ni mchezo wa mtoto uliokwisha palepale.

Sasa babu alimtazama mjukuu wake, akangoja aseme mwenyewe. Cheche akachukua ufagio akaanza kufagia.

Jioni ile ile Mjomba Waya alikuja kusikia habari za ofisini, kama kawaida yake, akipiga mluzi. Mama alimkabili mlangoni. Alimwita msaliti. Alimwambia kamuuza kwa mwenye duka, na kwamba atalifuta jina lake kwenye maombi, abaki na redio zake. Mjomba Waya alijaribu kuuliza ameuza nini, lini, kwa nani, lakini kila swali lilimwagiwa maneno mpaka likazama. Mwishowe naye akawaka. Alisema kama hiyo ndiyo shukrani, asimtafute tena. Akaondoka bila mluzi.

Nyumba ikawa chungu. Mama alisuka koili huku akisonya, waya zikakatika mikononi mwake, na kila waya uliokatika ulikuwa kosa la fundi redio. Muda wa kumjibu mkaguzi ulikuwa unakaribia kwisha na hakuna aliyeandika jibu. Mama alisema hawezi kupigania kitu kilichokwisha kuuzwa. Babu alirudi kwenye mafundo yake.

Siku chache baadaye Cheche alipita nyuma ya stendi akitoka shule. Mjomba Waya alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo. Cheche alimwamkia. Aliitikia bila kuinua uso.

"Kamwambie mama yako," alisema, "mimi natengeneza redio. Ningetaka kutangaza, mitambo ninayo."

Kisha akavuta droo, akatoa pakiti ndogo, akaisukuma mbele. Zilikuwa betri za rili, zile ambazo mama alimwagiza kabla ya ugomvi. "Mpelekee babu yako. Yeye hajanikosea."

Cheche alizibeba betri zile kama mtu aliyebeba makaa. Alipofika hakuvua hata viatu. Alisimama mbele ya meza ndefu akasema yote, ufunguo, ukuta, watoto, mwenye duka na simu yake. Hakuacha neno isipokuwa moja, nalo lilimfanya ajione mdogo mno.

Mama hakufoka. Cheche alitamani angefoka. Aliweka koleo chini taratibu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Siku nilipomfukuza mjomba wako, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, mama."

"Ulikuwa hapa." Ndipo hasira ikapata njia. Mama alisema kuonyesha rili ni kosa la mtoto, na watoto hukosa. Lakini kuacha mtu atukanwe mbele yako, na ukweli umeufumbata mdomoni kama pipi, hilo yeye hakumfundisha. Cheche alilia.

Babu akakohoa. "Na mimi niliujua ukweli huo nikautafuna kimya, kwa hiyo nipige na mimi. Lakini ukimaliza, nina swali. Hiyo video umeiangalia?"

Mama akatikisa kichwa.

"Basi umemfukuza mtu kwa picha usiyoiona," alisema babu. "Sijui nani kati yenu amemrithi mwenzake."

Kesho yake mama na Cheche walikwenda ofisi ya hataza, rili ikiwa mkobani. Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba aliyesoma kila sentensi kwa kuweka rula chini yake. Alimtazama mama, akautazama mlango, akasema bawaba imelegea tangu siku ile. Mama aliomba radhi, nusu kwake, nusu kwa mlango.

Video ikawashwa. Sauti ya Cheche ikajaa chumba kizima, ikijigamba kwamba rili hii haisokoti mshipi kamwe. Mkaguzi akaisimamisha. Alimwuliza Cheche kama maelezo yale yalikuwa ya kweli au maneno ya kitoto tu. Cheche alimwona mama yake akikaza vidole juu ya mkoba. Alielewa kwamba akisema alikuwa anabuni, huenda dai kuu likapona.

"Ni kweli," alisema. "Iliibana bobini kama nilivyosema."

"Basi dai hilo limekwisha," alisema mkaguzi. "Lilishakuwa mali ya watu wote pale ukutani." Mama alishusha pumzi lakini hakumkemea mtoto.

Mkaguzi akaiacha video iendelee. Na hapo ndipo lilipotokea lile neno moja ambalo Cheche hakulisema kwa mtu. Katika video, upepo ulivuma kutoka majini, Cheche akarusha mara ya mwisho, na mshipi ukajisokota fundo kubwa kama ngumi. Watoto waliangua kicheko. Cheche wa kwenye video alikanyaga chini kwa hasira, na Cheche wa ofisini akafunika uso.

"Hapa mbona imeshindwa?" aliuliza mkaguzi.

Mama alikuwa ameshasimama, lakini safari hii si kwa kuondoka. Aliitoa rili mkobani, akaonyesha kigurudumu kidogo kama kifungo cha shati, kimekaa mdomoni pale mshipi unapotokea. Alieleza kwamba baadaye, kabla ya kupeleka maombi, waliijaribu nyumbani mbele ya feni kubwa, na ikashindwa vivyo hivyo. Upepo hupunguza mwendo wa mshipi, lakini bobini nyuma yake haijui, inaendelea kukimbia. Mjomba Waya ndiye aliyesema wanamwuliza mtu asiyehusika. Wasiulize bobini, waulize mshipi wenyewe. Akatengeneza kigurudumu hicho, mshipi unapita juu yake, nacho kinapima mwendo wake. Mshipi ukipungua na bobini ikazidi, breki inashika papo hapo.

Mkaguzi alirudisha video nyuma, akaitazama tena polepole. Mdomoni pa rili ile ya ukutani hapakuwa na kitu. Akachukua maombi, akaweka rula chini ya dai la pili, lile la kigurudumu, akalisoma neno kwa neno.

"Hili silioni kwenye video," alisema. "Na fundo hili ni shahidi wenu, maana kigurudumu kingekuwepo, fundo lisingekuwepo. Ondoeni dai la kwanza, mbaki na hili, na mlieleze vizuri. Nitatafuta tena kama kuna aliyewatangulia. Siwaahidi kitu."

Kutoka pale mama hakwenda nyumbani. Alikwenda nyuma ya stendi, na hakumwachia Cheche atangulie kuongea. Mbele ya wateja wawili waliosubiri redio zao alimwambia Mjomba Waya kwamba alimtukana bure, na kwamba alimtukana kabla ya kuangalia. Kisha Cheche akasema ya kwake, kwamba alijua na alinyamaza. Mjomba Waya aliendelea kugusa waya kwa bunduki yake ya kulehemu mpaka moshi ukaisha. Alisema atafikiri. Lakini jioni alikuja na kalamu, kwa sababu jibu la mkaguzi lisingejiandika lenyewe.

Majibu yalichukua muda mrefu. Yalipokuja, hataza ilikuwa ya kigurudumu kidogo na breki yake, basi, si ya zaidi ya hapo. Majina ya wavumbuzi yalikuwa mawili, la mama na la Mjomba Waya.

Jumapili iliyofuata walikwenda wote ukutani. Upepo ulikuwa mkali. Babu alirusha, kidole chake kimelala juu ya rili kama abiria, na mshipi ukaenda, ukapungua, ukatulia bila fundo. Hakuna mtoto aliyecheka. Mmoja alisogea akauliza kama anaweza kujaribu, naye alikuwa yule wa sweta. Cheche alimtazama, akavuta pumzi, akampisha.

Babu aliketi juu ya jiwe, akamwita mama na Cheche karibu.

"Hasira ni kama bobini," alisema. "Jambo lenyewe limeshapungua mwendo, yenyewe bado inakimbia, inamwaga maneno tu. Mwisho wake mnakaa mnafungua mafundo, na mimi nimeyafungua miaka, nayajua. Kabla hujazunguka, uliza jambo lenyewe liko vipi. Nawe Cheche, ukweli uuseme mapema, ungali mshipi. Ukiuchelewesha, utausema tu, ila utakuwa umeshakuwa fundo, na ndani ya fundo amenaswa mtu asiye na kosa."

Mama aliitikia kwa kichwa. Cheche akamwuliza Mjomba Waya kwa sauti ndogo kama bado amekasirika.

"Sana," alisema Mjomba Waya, akisogeza kikombe chake kwenye chupa ya chai. "Nitakasirika mpaka chai iishe. Nimiminie polepole."