Benchi la Alhamisi

Stendi ya Mbinga ilikuwa imejaa watu wakati gunia la usipa lilipodondoka kutoka kwenye keria ya basi la Liuli na kupasukia miguuni pa Lidia. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe. Samaki wakavu walimwingia hadi ndani ya viatu.

"Dada, samahani sana!" Kijana aliteremka mbio kutoka juu ya basi. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooka mno kwa mtu aliyetoka kwenye vumbi la barabara ile.

"Samahani ndiyo nitaivaa? Nanuka ziwa zima."

"Basi umeshakuwa mtu wa kwetu. Karibu Liuli."

Lidia alicheka bila kutaka. Kijana aliitwa Joakim. Alinunua usipa kwa wavuvi na kuuleta Mbinga mara moja kwa mwezi, siku zote Alhamisi. Lidia alikuwa fundi cherehani sokoni. Walipeana namba za simu kabla usipa haujazolewa wote.

Kati ya Alhamisi moja na nyingine, mapenzi yao yaliishi kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ugali na sauti yako."

"Muongo wee. Mboga gani hiyo haina chumvi?"

"Chumvi imezidi. Hapa nakunywa maji tu."

Siku moja walikuwa wakinywa chai stendi, mwanamume mwenye koti chakavu akapita akigombana na mtu asiyeonekana. Lidia alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mimi mwanamume akinisaliti, nitalia, yataisha," alisema. "Lakini chizi? Chizi simwezi, Joakim."

Joakim alirudisha andazi kwenye sahani. Hakuligusa tena.

Habari ililetwa na Notburga, muuza vitenge wa kibanda cha jirani, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana.

"Shoga, usinichukie. Joakim wako nimemkuta kliniki. Amekaa kwenye benchi letu la wajawazito, kadi mkononi."

Mbinga, mtu akisema kliniki, ana maana ya ujauzito. Mwanamume akionekana pale, amemsindikiza mkewe. Lidia hakuhitaji maelezo zaidi. Alipiga simu.

"Leo ulikuwa kliniki?"

"Nilikuwa."

"Ana mimba ya miezi mingapi?"

Sentensi moja ingetosha kumsahihisha. Joakim alikumbuka lile koti chakavu na chai iliyomwagika kwa kicheko.

"Nisamehe, Lidia," alisema.

"Usikanyage Mbinga tena!"

Alitii.

Kiangazi kilipofika, afisa wa afya alikuja sokoni na kipaza sauti. Serikali, alisema, inapanga kusogeza kliniki za afya ya akili hadi vituo vya mwambao, ili wagonjwa wa Liuli na Chiwanda wasipande milima kila mwezi.

"Kwa sasa wote wanakuja hapa mjini, Alhamisi, chumba cha nyuma katika jengo la mama na mtoto. Benchi ni hilohilo la wajawazito, tuvumiliane."

"Kumbe machizi nao wana kliniki!" mtu alipaza sauti. Soko zima likacheka.

Mguu wa Lidia uliganda kwenye pedeli ya cherehani.

"Za mwambao zitafunguliwa lini?" aliuliza.

"Mpango upo, dada. Tunasubiri fedha na wahudumu."

Huko Liuli, Lidia alimkuta mama yake Joakim akianika usipa juu ya chanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule fundi." Hakuwa akiuliza. "Dawa zilipomwishia nilimwambia apande basi. Akasema kuna mtu amemkataza kukanyaga Mbinga."

"Angeniambia, mama."

"Ungemchukua?"

Jibu la kweli la Lidia lilikuwa hapana.

Joakim alikuwa ndani, sakafuni. Shati jeupe lilikuwa na rangi ya majivu. Vifundo vya mikono yake vilikuwa na alama za kamba: ndugu walimfunga baada ya kuingia ziwani mchana kweupe akifuata sauti iliyomwita.

"Joakim, ni mimi. Lidia."

"Lidia yuko kwenye simu," alisema kwa upole. "Ameshakata."

Alhamisi iliyofuata Lidia alimleta Mbinga. Katika chumba cha nyuma, muuguzi alimpima Joakim, kisha akazungumza na Lidia pembeni.

"Sindano atapata. Lakini amekaa mno bila dawa. Anaweza kutulia. Kurudi kama ulivyomjua, siwezi kukuahidi."

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao, hapahapa. Mwambao bado."

Waliketi benchini kusubiri sindano. Mjamzito mwenye dera la bluu aliwasogelea.

"Hongera, dada! Baba amekusindikiza? Wangu mimi hata lango la hospitali halijui. Huo wa kwanza?"

Lidia alivuta kitenge chake taratibu hadi kikafunika mikono ya Joakim na zile alama.

"Wa kwanza," alisema.

Joakim aligeuka, akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa abiria wa kiti cha jirani.

"Hongera, dada," alisema.