Jina Kwenye Mstari wa Mpokeaji

Jina la pili lilijiandika lenyewe Jumatatu, saa nne asubuhi, Kalumba Célestin alipokuwa akimwandikia barua pepe mkuu wa ghala. Alikuwa ameandika anwani moja tu. Alipoinua macho, mstari wa mpokeaji ulikuwa na mbili, na ya pili ilikuwa ya Tshibola Kanku Joséphine.

Akalifuta. Likarudi. Akalifuta tena, herufi kwa herufi, kama mtu anayefuta doa mbele ya wageni.

Ilikuwa Novemba 2015. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na kampuni ya Kolwezi ambako Kalumba alikuwa mkuu wa sekretarieti ilikuwa inaachisha watu kazi. Orodha ya majina arobaini na moja ilitakiwa Lubumbashi. Kila alipoituma, ilirudi na maneno yaleyale: mpokeaji hajulikani.

Ijumaa hakuwa na budi kumwita fundi wa ordinatere, yaani kompyuta. Fundi huyo alikuwa Valérie, binti yake, na ndiyo sababu Kalumba alikuwa amechelewa kumwita wiki nzima. Kati ya watu wote wa dunia, huyu peke yake hakupaswa kulisoma jina lile.

"Tata, unaogopa mashini sawa vile inaumaka," Valérie alisema akivuta kiti. "Unaandikaka na bidole bibili. Ile ndio bugonjwa ya kwanza."

"Funga mulango," alisema Kalumba.

"Mashini inachungaka kila anwani mutu alishaandika. Kama moja ni ya mubaya, inaileta tu. Tunatosha zote, tunaanza mupya."

Alizifuta zote. Kisha akaandika anwani ya Lubumbashi kwa mkono wake mwenyewe, akaondoa vidole, akangoja. Herufi zikaanza kujipanga pembeni yake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Wakati huohuo, kwenye pembe ya dirisha ambako hapakuwa na meza, kulisikika mashine ya zamani ya kupiga chapa, ta, ta, ta, na kengele ndogo mwishoni mwa mstari.

Harufu ikafuata: moshi wa makaa, na mablanketi yaliyoloa.

"Tata," Valérie alinong'ona. "Tshibola ni nani?"

"Simujue."

Alimjua. Mama Tshibola alikuwa mpiga chapa katika ofisi yao ya zamani, mwanamke aliyezaliwa Kolwezi na wazazi waliotoka Kasai, na usiku Fidélie, mke wa Kalumba, alipojifungua kwa shida, ndiye aliyetoa damu yake hospitalini. Kwa hiyo mtoto alipewa jina lake. Huko mtoto na mtu aliyempa jina huitana majina, yaani somo, huhesabiwa kama mtu mmoja mwenye miili miwili, na jina likishatolewa halirudishwi. Lakini mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wanafukuzwa Kolwezi, mkubwa mmoja alimwuliza Kalumba kwa nini nyumbani kwake kuna Tshibola, na Kalumba, kwa woga, akaenda siku ileile kumwandikisha mtoto wa miaka mitatu kwa jina la Valérie, kisha akarudi ofisini kuipiga mwenyewe orodha ya watakaotolewa katika nyumba za kampuni, na Mama Tshibola akaja akasimama kando ya meza yake akasema kwa sauti ya chini, "Kalumba, ruka mustari wangu, ni nani atajua," naye hakuinua macho, akaupiga mstari ule mpaka kengele ikalia, na majuma matatu baadaye akasikia kwamba mama yule alikufa kwenye stesheni, mvuani, akingoja treni.

"Ngoja nijitumie mi mwenyewe, tuone," alisema Valérie.

Aliandika anwani yake. Mpokeaji hajulikani. Akacheka kidogo, akarudia. Hajulikani.

"Acha, mwanangu. Tuite abbé wa parokia aombee ofisi."

Hakusikia. Alifuta jina lake, akaacha lile la Tshibola peke yake, akabonyeza. Simu ikalia mfukoni mwake.

Akasoma, na Kalumba, akiwa nyuma ya bega lake, akasoma pia. Haikuwa orodha ya watu arobaini na mmoja; ilikuwa ile ya mwaka 1993. Namba kumi na saba: Tshibola Kanku Joséphine, mpiga chapa. Na chini kabisa, upande wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi za zamani, herufi za aliyeipiga: K.C.

Kengele ya dirishani ikalia.

"Valérie," alisema Kalumba.

Hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yameloa, ingawa hakuna aliyekuwa ametoka nje.

"Valérie. Nitakuelezea."

Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya meza, kama mtu anayengoja kuitwa kwenye foleni. Kalumba aliita mara ya tatu kwa jina lile la woga wake, akaona kwamba halimfikii mtu yeyote. Likabaki moja tu la kusema, nalo hakuwa amelitamka kwa miaka ishirini na miwili, hata mbele ya padri.

"Tshibola," alisema, akiangalia sakafu.

"Eyo, Tata," mtoto wake aliitika.

Na kutoka dirishani, sauti nyingine, iliyochoka, ikajibu pamoja naye:

"Eyo, Kalumba."