Chupa ya Mjukuu

Asubuhi ya siku ya sita, mkuu wa maabara aliikuta chupa ya damu ya mjukuu wake kwenye ndoo ya taka.

"Nani kaitupa hii?"

"Si mimi, mama," alisema msaidizi wake. "Lakini si unajua, siku tano zikipita bila bakteria kuota chupani tunatupa."

Alijua. Sheria aliiweka mwenyewe. Ila hii ilikuwa damu ya mtoto wa binti yake, miezi minne, homa wiki ya tatu. Daktari aliyesikia moyo wa mtoto ukivuma hakumficha bibi: kuna bakteria adimu wanaojibanza kwenye vali za moyo, wavivu kuota, na bila kuwajua dawa ni za kubahatisha tu. Wapewe wiki mbili za kuota. Basi akairudisha chupa kwenye kabati la joto, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni.

Siku ya saba, ndooni. Ya nane, ndooni. Jamani, mtu mzima na vyeti vyake ukutani akaanza kuogopa ndoo!

Siku ya tisa mchana, wenzake walipokwenda kula, alivuta kiti akaketi mbele ya kabati. Ikaja harufu ya nguo zilizoanikwa kivulini zikakataa kukauka, kisha mlango aliofunga kwa mkono wake ukafunguka taratibu, chupa ikatoka ikielea usawa wa kifua, ikaelekea ndooni, naye akairukia akaishika kwa mikono miwili, akavuta, na upande wa pili kitu kikavuta pia, kwa vidole vya baridi alivyovihisi juu ya vyake lakini hakuviona.

"Niachie," alinong'ona. "Nakuomba. Atakufa."

"Wangu ulimpa siku tano," sauti ya mwanamke ikamjibu sikioni. "Nilisimama hapo dirishani nikakusihi usubiri. Ukasema sheria ni sheria."

Akamkumbuka. Mwaka jana. Kichanga kilizikwa wiki ileile, na mama yake akakifuata kabla mwezi haujaisha.

"Nimekosa, dada yangu," akalia. "Nimekosa mimi. Mtoto hana kosa."

Vidole vikalegea.

Siku ya kumi na mbili damu ikachafuka chupani. Bakteria walikuwa wameota; wakajulikana, dawa ikabadilishwa, homa ikashuka. Maabara nzima ilipiga vigelegele.

Wiki moja baadaye binti yake akapiga simu kutoka wodini, sauti chini.

"Mama, tangu jana hataki titi langu."

"Analia?"

"Halii. Anageukia upande wa kitanda usio na mtu, anafungua mdomo, ananyonya. Mama, nimemfuta midomo sasa hivi. Ni maziwa."