Mke Mwenza wa Matilda

Asubuhi moja ya Aprili, katika nyumba yao ya ghorofa ya pili mjini Yafa, Israeli, Lazar alimenya yai lake taratibu kuliko kawaida. Mkewe, Matilda, alikuwa akikata biringanya za kuchoma. Alimtazama mumewe, akajua ana jambo.

"Sema, mzee," alisema. "Hilo yai halijakukosea kitu."

"Wiki ijayo ni Siku ya Kumbukumbu," alisema Lazar.

"Najua. Kila mwaka ipo."

"Mwaka huu mtaa wetu utasoma majina ya Wayahudi waliouawa na Wanazi. Kila mtu atasoma wa kwake. Nimewaambia nami nitasoma."

"Utamsoma nani?" aliuliza Matilda. Alijua jibu.

"Gitel," alisema Lazar. "Na Hinda."

Matilda aliweka kisu mezani.

Gitel alikuwa mke wa kwanza wa Lazar, huko Poland. Hinda alikuwa binti yao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Lazar alikuwa mbali, jeshini. Aliporudi, hakukuta mtu. Wanazi walikuwa wamewapeleka Wayahudi wote wa mji ule msituni, wakawapiga risasi.

Matilda hakupitia hayo. Alitoka Bulgaria, na Wayahudi wa kwao walipona. Alipoolewa na Lazar alimwomba jambo moja tu: "Usimtaje nyumbani kwangu." Lazar alikubali. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakumtaja.

Lakini kila mwaka, Siku ya Kumbukumbu ikifika, Lazar alikaa barazani bila kula. Matilda aliutazama mgongo wake na kuwaza: yuko naye sasa hivi. Katika mawazo yake Gitel alikuwa mrembo, mwembamba, mwenye nywele ndefu. Hakuzeeka. Hakuumwa magoti. Mke mwenza aliye hai unaweza kugombana naye, hata kumshinda. Huyu angemshindaje?

"Mbele ya mtaa mzima!" alisema Matilda. "Usimame umtaje mkeo, na mimi niwe nimekaa pale kama nani? Mpangaji?"

"Matilda, wamekufa."

"Ndiyo! Yeye amekufa, kwa hiyo bado ni kijana. Mimi ndiye bibi kizee wako!"

Lazar aliinuka mezani. Yai lilibaki kwenye sahani.

Siku ya Kumbukumbu ilipofika, Lazar alitoa shati lake jeupe kabatini. Lilikuwa limekunjamana.

"Utanipigia pasi?" aliuliza.

"Mwambie Gitel akupigie."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Lazar alisimama kidogo. Kisha alilivaa shati hivyo hivyo, akatoka, akafunga mlango polepole. Matilda alitamani angeubamiza.

Hakukaa sana, jirani yake Mazal akabisha hodi. Mazal alifanya kazi kwenye jumba la mtaa, na ndiye aliyeandaa shughuli ya siku hiyo. Alikuja kuazima viti.

"Shoga, mbona hujavaa?" aliuliza. "Nimempita mzee wako kwenye ngazi. Shati kama limetafunwa na mbuzi."

"Anakwenda kwa mke wake. Mimi sijaalikwa."

Mazal alicheka, kisha akaona Matilda hatanii. Akavuta kiti, akaketi.

"Kaburi la huyo Gitel liko wapi?"

"Hana. Walitupwa kwenye shimo, mji mzima."

"Basi sikiliza. Wayahudi milioni sita waliuawa, na wengi wao hawana hata jiwe lenye jina. Waliowaua walitaka isijulikane kwamba watu hao waliwahi kuishi. Ndiyo maana tunawasoma hadharani, kwa sauti: jina, umri, mji. Wewe mama yako akifa unamzika, unamlilia, majirani wanakuja. Lazar hakupata hata siku moja ya hivyo. Leo ndiyo siku yake."

"Na mimi je?"

"Wewe si mgeni pale. Msomaji si lazima awe ndugu. Wapo waliokufa na ukoo wote, hawana wa kuwasoma, tunawasoma sisi." Mazal akainuka kuchukua viti. "Huyo mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

Matilda hakujua. Miaka yote hiyo alimwonea wivu mama, na hakuwahi kuuliza habari za mtoto.

Mazal aliondoka na viti alivyoazima. Matilda alivaa haraka, akashuka. Alikuwa katikati ya barabara king'ora cha kuwakumbuka waliouawa kilipolia nchi nzima, saa nne kamili. Magari yakasimama. Madereva wakatoka, wakasimama kando ya milango yao. Muuza matunda akaweka chini mizani. Kila mwaka king'ora kilipolia, Matilda alisimama akiwa na hasira. Leo alijaribu kumfikiria mtoto ambaye hakujua hata umri wake.

Alipofika kwenye uwanja wa jumba la mtaa, Lazar alikuwa kwenye kipaza sauti.

"Gitel Rabinka," alisoma. "Umri, miaka ishirini na mitatu." Akautaja mji. Kisha akasema, "Hinda..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena. Watu waliinamisha vichwa, wakimngoja.

Matilda alipita katikati ya viti. Wivu alikuwa bado nao, hakuufukuza. Alisimama kando ya mumewe.

"Ana miaka mingapi?" alimnong'oneza.

"Mitatu."

Matilda aligeukia kipaza sauti. "Hinda Rabinka," alisema kwa sauti kubwa. "Miaka mitatu."

Jioni ile Lazar alikula. Matilda alizungukazunguka mezani, mwisho akauliza alichokuwa hajawahi kuuliza.

"Alikuwa mzuri sana?"

"Nani, Gitel?" Lazar alifikiri. "Alikuwa mfupi. Mbishi kama wewe. Na kupika, Mungu wangu! Hata uji aliunguza."

"Uji?"

"Uji!"

Matilda alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Yule mrembo aliyemwogopa miaka yote hakuwahi kuwepo. Alikuwepo mwanamke kijana aliyeunguza uji, akauawa pamoja na mtoto wake.

Wiki hiyo walimwita binti yao, Dorit, wakamwambia alikuwa na dada. Dorit alilia, kisha akauliza maswali mengi. Tangu hapo huja na watoto wake kila Siku ya Kumbukumbu. Wanasimama pamoja king'ora kinapolia, wanasoma majina mawili, kisha Lazar anasimulia.

Siku hizi Lazar anasahau. Hukwama katikati ya habari za mtaa wa kwao, nyumba ya Gitel, kisima, wimbo aliopenda Hinda. Basi watoto humgeukia bibi yao, na Matilda, ambaye hajawahi kukanyaga Poland, huendelea kusimulia pale alipoishia Lazar.