Mchezo wa Bwana Ahadi

Kila asubuhi kabla ya shule, Annuarite alipanga foleni kwenye pampu ya maji pamoja na wasichana wengine wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Foleni ile ilikuwa na lugha nyingi: Kiswahili cha Uvira, Kirundi, Kinyarwanda, na Kichewa cha wanawake wa vijiji vya jirani waliokuja kuuza mboga. Annuarite alikuwa na miaka kumi na miwili. Kichewa alijifunza pale pale, huku akisukuma ndoo yake mbele kwa mguu.

Yeye, mama yake Régine na kaka yake mkubwa Jules, ambaye alimwita Yaya kama ilivyo desturi ya kwao, walifika Malawi wakikimbia vita vya Kongo. Vita vilikuwa bado vinaendelea, na redio ya jirani ilitaja habari za kwao karibu kila wiki. Mama Régine alikuwa fundi wa nguo. Jules, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa amemaliza shule ya msingi lakini hakupata nafasi ya sekondari. Alishinda nyumbani akitengeneza viti vya majirani vilivyovunjika, na kifaa chake kilikuwa kisu tu.

Alasiri Annuarite alikwenda kanisani kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Shirika moja la Lilongwe lilikuwa limetoa fedha ili watu wa kambi wawalinde vijana wao. Walikuwapo walaghai waliowachukua vijana kwa ahadi ya kazi nzuri, kisha wakawauza kwa watu waliowatumikisha bila mshahara. Mwalimu Nyandwi, Mrundi mpole aliyefundisha darasa la sita, ndiye aliyesimamia mradi huo. Fedha zilinunua ngoma, kipaza sauti na mavazi ya waigizaji.

Mlaghai wa mchezo aliitwa Bwana Ahadi. Ezechiel, mwanafunzi mwenzake Annuarite, ndiye aliyemwigiza, akiwa amevaa koti refu jeusi na miwani ya jua, na mto umefungwa tumboni. Alipocheka kwa sauti nzito, watoto wadogo walikimbilia kwa mama zao, na watu wazima walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kila mtu aliupenda mchezo ule.

Katika kwaya ya kanisa kulikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Télesphore. Alikuwa na sauti nzuri na adabu nyingi. Kila alipotoka Lilongwe alimletea Mama Régine nyuzi za kushonea. Jioni moja, wakati wakila nsima, ugali wa Malawi, na maharage pamoja, alisema, "Mama Jules, kuko fundi moja wa mbao kule Lilongwe, mtaa wa Area 36, karibu na kinu cha kusaga. Anatafuta kijana wa mikono mizuri. Mi nilimwambia juu ya Jules. Atalala kule, atakula kule, na atajifunza kazi."

Mama Régine alifurahi sana. "Mungu akubariki, mwanangu! Huyu mutoto anakaa bure hapa nyumbani, na roho inaniuma."

Hakuna aliyemkumbuka Bwana Ahadi. Jules alifunga nguo zake katika mfuko mdogo, akaondoka na Télesphore.

Majuma yakapita bila habari. Télesphore naye hakuonekana tena kanisani. Mama Régine alimshonea Jules shati jipya, kisha akamwambia Annuarite, "Twende tukamwone yaya yako. We unajua Kichewa, utanisemea."

Walipanda minibasi hadi Lilongwe, wakaulizia njia mpaka Area 36. Karibu na kinu cha kusaga walimkuta fundi wa mbao akipiga randa ubao, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi. Annuarite alimsalimia kwa Kichewa, akamweleza wanamtafuta nani.

Fundi aliweka randa chini. "Sina kijana anayeitwa Jules, binti yangu. Na huyo Télesphore simjui."

Mama Régine hakuelewa maneno, lakini aliuona uso wa mtoto wake. "Anasema nini?"

"Mama," Annuarite alijibu polepole, "Yaya Jules hakufika hapa."

Mama Régine alikaa juu ya rundo la mbao, shati jipya mikononi. Hakulia. Fundi alifunga karakana yake. "Nimesikia kuna kiwanja huko Area 25," alisema, "vijana hukusanywa pale kabla ya kupelekwa kwenye mashamba ya mbali. Lakini msiende peke yenu. Twendeni kwanza polisi."

Jioni hiyo hiyo polisi walifungua lango la kiwanja kile. Ndani, vijana kadhaa walikuwa wameketi juu ya magunia. Jules alikuwa mmoja wao. Alipomwona mama yake aliinamisha kichwa kwa aibu. Mama Régine alimvuta kifuani.

"Walichukua karatasi yangu ya ukimbizi, mama," Jules alisema. "Walitufungia hapa majuma yote, wakisema lori litakuja kutupeleka shambani. Nikauliza mshahara ni ngapi. Wakanicheka."

Mlinzi wa kiwanja alikamatwa. Télesphore alitafutwa, lakini alikuwa amekwisha kutoroka.

Jules alirudi kukaa nyumbani na viti vyake vilivyovunjika. Siku moja Annuarite alimuuliza, "Yaya, mchezo wetu uliuona mara nyingi. Mbona hukushtuka?"

"Mi nilikuwa ninangojea mutu wa miwani," Jules alijibu. "Télesphore alinifundisha nyimbo. Alikula na sisi. Nani angeogopa mutu kama ule?"

Maneno hayo hayakumtoka Annuarite kichwani.

Baada ya hapo wageni wa lile shirika walikuja kuona kazi ya mradi. Mwalimu Nyandwi aliwakusanya waigizaji mapema. "Watoto, wakiwauliza maswali, semeni kwamba kila kitu kinakwenda vizuri," aliwaonya. "Wasiporidhika watapeleka fedha zao mahali pengine, na sisi tutabaki mikono mitupu."

Kanisa lilijaa. Ezechiel aliigiza vizuri kuliko siku zote, na vicheko vikavuma. Mchezo ulipokwisha, mama mmoja kati ya wageni alisimama. Aliongea Kichewa, na Mwalimu Nyandwi akatafsiri ili wazazi wote waelewe.

"Anauliza, mchezo huu umewasaidia nini?"

Annuarite aliinua mkono.

"Umetuchekesha," alisema kwa Kiswahili. "Lakini haukumsaidia kaka yangu. Aliyemchukua hakuvaa koti wala miwani. Alikuwa mtu wetu, wa kwaya yetu. Na Yaya Jules alimfuata kwa sababu hapa kambini hana kazi. Tulinunua mavazi mazuri, lakini kazi bado hana."

Mama mgeni alimtazama Mwalimu Nyandwi, akingoja. Mwalimu alijifuta jasho. Annuarite alijua Kichewa cha kutosha kutambua kama maneno yake yangegeuzwa.

Kisha Mwalimu akaanza kutafsiri, taratibu, neno kwa neno. Hakuacha hata lile la mavazi.

Mama mgeni hakukasirika. Alimshukuru kwa Kichewa, "Zikomo, binti." Akavuta benchi karibu, akaomba kuongea na Jules mwenyewe, Mwalimu akiendelea kutafsiri. "Ni kitu gani kingekuzuia usiende?"

Jules alijibu, "Kama ningekuwa na vifaa na mutu wa kunifundisha, ningebaki. Na kama mama angefika kwanza kwa fundi kuhakikisha, angejua ni uongo."

Wageni waliondoka bila kuahidi kitu. Wazazi wengine walimnung'unikia Annuarite kwamba ameharibu bahati ya kambi. Alingoja kwa wasiwasi mwezi mzima.

Jibu lilipokuja, lilisema fedha zitaendelea kutolewa, lakini kwa kazi nyingine. Nyuma ya kanisa kilijengwa kibanda cha useremala, na yule fundi wa Area 36 alikubali kuja kila Jumamosi kuwafundisha vijana. Wazazi nao walichagua kamati. Kijana akiitiwa kazi mjini, Mama Régine na mama mwingine walisafiri kwanza, kwa nauli ya mradi, kumwona mwajiri kwa macho yao. Mchezo pia uliandikwa upya. Ezechiel aliingia jukwaani na nguo zake za kawaida, akaongea kwa upole. Safari hii watu hawakucheka, walisikiliza.

Siku ya kufungua kibanda, Mwalimu Nyandwi alisimama mbele ya wanafunzi wake.

"Watoto," alisema, "waliotupatia fedha hawakutaka tuwafurahishe. Walitaka vijana wetu wawe salama. Tungewadanganya, wangeendelea kulipia vicheko, na vijana wangeendelea kupotea. Mkiulizwa jambo linalogusa maisha ya watu, semeni mlichokiona, hata kama mkubwa aliye karibu anatamani jibu lingine. Siku ile mkubwa huyo nilikuwa mimi. Nashukuru Annuarite hakunisikiliza."