Mwanamke Mmoja, Mafaili Matatu

Kila asubuhi, kituo cha afya kilipofunguliwa, sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya droo. Zilivutwa, zikakwama, zikapigwa kiganja, ndipo zikafunguka. Aliyezipiga alikuwa mtunza masjala. Masjala ni chumba cha kutunzia mafaili, na mama huyu alishinda humo kutwa, kwa hiyo wauguzi walimpa jina la Bi Makabati. Alilipenda jina hilo, ingawa alijifanya kununa.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi. Mgonjwa anafika dirishani, anataja jina, anapewa faili, anakwenda kwa daktari. Hayo ni ya kwenye maneno. Ukweli ni kwamba Bi Makabati alipekua kabati la kwanza, akapekua la pili, akapanda kiti, akashuka na vumbi puani. Kisha alisema, "Tufungue jipya, mama. Foleni ni ndefu."

Tufungue jipya. Basi likafunguliwa jipya, na la zamani likabaki lilipo, na maradhi yote yaliyoandikwa ndani yake. Na kesho yake hivyo hivyo. Nani alijali? Hakuna aliyejali, mpaka yalipomfika mwenyewe.

Siku hiyo dirishani alisimama mdogo wake wa toka nitoke. Alikuwa mjamzito, na mapacha wake wawili wa kike walikuwa wamemng'ang'ania gauni, huku mmoja na huku mwingine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa kuanza kliniki, na unajua."

"Nipe faili kwanza, kugomba utagomba baadaye."

Bi Makabati akatafuta. Akalipata faili limeandikwa "Mama Mapacha". Akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za homa, basi. Akazigeuza, akazigeuza tena. Yeye alikuwepo siku mapacha walipozaliwa. Aliona kwa macho yake mdogo wake akichomwa sindano ya penisilini, akavimba uso, pumzi zikagoma, watu wakaanza kulia. Aliponea chupuchupu. Daktari aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mgonjwa huyu asipewe tena dawa hiyo. Sasa onyo hilo liko wapi?

"Kaa kwenye benchi," alimwambia mdogo wake. "Usiondoke."

Alilipata onyo lenyewe droo ya chini kabisa, kwenye faili lililoandikwa "Mke wa Seremala". Na nyuma yake, limejikunja, akakuta faili jingine: "Binti wa Mwashi". Huyo naye ni yule yule, zama zile hajaolewa, bado yuko kwa baba yao.

Mwanamke mmoja, mafaili matatu. Na la kuudhi zaidi, moja kati ya hayo liliandikwa na Bi Makabati kwa mkono wake.

Msishangae. Watu wa pale waliita mtu kwa jina la watu wake. Msichana ni binti wa fulani, akiolewa ni mke wa fulani, akizaa ni mama wa fulani. Makarani nao waliandika jina ambalo mtu analiitikia, ili wakimwita kwenye foleni asiwe kiziwi. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kila mwanamke alipobadilisha hali, maradhi yake yalibaki nyuma na jina la zamani.

Bi Makabati alichukua mafaili yote matatu akaingia ofisini kwa mkuu wa kituo bila kusubiri kuitwa. Mkuu alikuwa daktari, mtu mpole, amechoka tangu asubuhi.

"Mkuu, tazama. Huyu ni mtu mmoja. Angefika hapa siku ambayo sipo, tungemuua kwa mikono yetu."

Mkuu alisoma lile onyo, akavua miwani.

"Pole. Lakini limepatikana, si ndiyo? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Huyu mwanaharamu hapiti, Mkuu. Anarudi kila asubuhi dirishani kwangu."

"Sasa unataka nifanye nini? Mimi nilisomea kutibu, sikusomea makabati. Lete njia iliyo bora, nami nitaikubali."

Alisema kweli, na ukweli huo ulimuuma Bi Makabati kuliko kama angekataa. Ailete kutoka wapi? Hakuna aliyemfundisha. Alipewa ufunguo na kiti kibovu, akaambiwa anza.

Akakumbuka kundi la wafanyakazi wa afya kwenye simu. Kundi kubwa hilo, watu wa miji mingi. Akauliza humo, kwa adabu zote: "Wenzangu, mtu mwenye majina mengi mnampangia faili vipi?" Akangoja. Kwanza likaja ua, na maneno "asubuhi njema". Yakafuata maua mengine. Mmoja akatangaza viatu vya mtumba. Mwingine akaleta video ya mbuzi anayecheza ngoma. Swali lake likasukumwa juu, juu, likapotea.

Akauliza tena. Yakaja maua.

Hapo hasira zikampanda. Akaandika: "Nimechoka na upuuzi huu. Nafungua kundi langu la mafaili. Mwenye akili anifuate."

Msimamizi wa kundi, ambaye siku zote alikuwa kimya kama maji mtungini, alijibu papo hapo: "Unataka kutugawa. Na kundi la mafaili litajadili nini? Vumbi?" Vikafuata vicheko, ukurasa mzima. Hakuna aliyemfuata.

Jioni alimweleza mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa barazani akipindia sketi ya jirani.

"Vumbi! Mdogo wangu alikuwa afe, wao wanacheka vumbi."

"Hasira hasara, mke wangu," alisema mumewe bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Hasara ni kukaa kimya. Nitawaonyesha." Akatoa simu. Alikuwa ameyapiga picha mafaili yote matatu, yamepangwa mezani, majina yanasomeka. "Naituma hii sasa hivi. Tuone nani atacheka."

"Usitume," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa mwenye sketi, jirani yao, mkutubi wa chuo cha ualimu. Mama huyu alifanya kazi katikati ya vitabu, na yeye na wakutubi wenzake wa mbali walikuwa na kundi lao la mtandaoni walimosaidiana kazi. Aliiangalia ile picha, akatikisa kichwa.

"Ifute, jirani. Hayo ni maradhi ya mtu."

"Ni ya mdogo wangu."

"Nyumbani ni mdogo wako. Masjalani ni mgonjwa. Leo unatoa siri yake kwa hasira, kesho utamkataza nani?"

Bi Makabati aliitazama picha. Ilimchukua muda, lakini aliifuta. Mkutubi akavuta kigoda, akaketi.

"Na hilo kundi lako, nimesikia umelipendekeza."

"Nimelipendekeza, wamenicheka."

"Hukupendekeza. Uligomba." Fundi cherehani alikohoa kuficha kicheko. Mkutubi akaendelea. "Mtu hawezi kuingia nyumba asiyoijua mlango. Ukipendekeza kundi, lipe kwanza jina linalosema wazi ni la nini. Halafu sema ni la nani. La watu wa afya peke yao?"

"Nilidhani hivyo."

"Kwa nini? Karani wa shule hapotezi mafaili? Wa mahakama je? Wa ofisi ya ardhi?"

Bi Makabati hakuwa amelifikiria hilo.

"Wanapoteza kama sisi," alisema.

"Basi waite. Sema mtajadili nini: kupanga, kutafuta, kuazimisha, kuhifadhi ya karatasi na ya kompyuta. Sema pia yasiyotakiwa."

"Maua."

"Maua, biashara, na zaidi ya yote siri za watu. Jina la mtu lisitajwe, picha ya faili isitumwe. Useme nani atasimamia, na akikosea anaambiwa na nani. Ukishaandika, usifungue kwanza. Wapelekee watu, waulize: mnaonaje, mtaingia? Anayepinga naye asikilizwe. Huenda ameona shimo ambalo wewe hulioni."

"Hata yule wa vumbi?"

"Hata yeye. Umsalimie kwanza."

Hilo la kumsalimia lilimkaa Bi Makabati kooni kama mfupa wa samaki. Lakini aliandika. Akafuta, akaandika tena, mumewe akimsomea kwa sauti ili wasikie panapokwaruza. Pendekezo lilipokamilika lilikuwa fupi, na halikuwa na tusi hata moja. Alilipeleka kwa kila mtunza masjala aliyemjua, akawaomba nao wawapelekee wengine. Akampelekea na msimamizi, kwa salamu.

Msimamizi alipinga. "Watu wana makundi mengi mno," aliandika. "Simu zimejaa. Hilo lako litakufa kwa kukosa wasemaji."

Bi Makabati alisonya kwanza, ndipo akafikiri. Alichosema jamaa kilikuwa na maana. Akaongeza mstari kwenye pendekezo: kila swali lijibiwe kabla ya jingine kuanza, na asiye na jibu wala swali si lazima aseme kitu. Kisha akangoja, roho mkononi.

Wa kwanza kuandika alikuwa karani wa mahakama, wa mji wa mbali. "Naingia. Mimi mafaili nayatafuta kwa kunusa." Akafuata karani wa shule ya sekondari. Wakafuata wengine, wengi wao wakilalamika kitu kile kile: tumepewa ufunguo, hatukupewa maarifa. Bi Makabati alisoma, hasira yake ikapata wenzake. Siku zote alidhani ujinga huo ni wake peke yake. Kumbe walikuwa wameachwa gizani kundi zima.

Kundi likafunguliwa, na swali la kwanza likawa lake. Safari hii lilijibiwa.

"Mtu apewe namba," aliandika karani wa mahakama. "Namba haiolewi wala haizai. Faili lipangwe kwa namba hiyo moja, maisha yake yote."

"Namba akiisahau?" aliuliza Bi Makabati.

"Ndiyo kazi ya kadi. Kila jina analoitwa liwe na kadi yake ndogo, zimepangwa kwa herufi. Jina la kuzaliwa, la mume, la watoto, yote. Kila kadi inaelekeza kwenye namba ile ile. Atakayemleta amtaje kwa lolote, mtafika kwenye faili moja."

"Na onyo la dawa," aliongeza karani wa zahanati moja, "liandikwe juu ya jalada kwa wino mwekundu. Jina la dawa tu linatosha. Msilizike ndani."

Karani wa shule akatahadharisha: "Usimwage makabati yote siku moja, utalia. Anza na wanaokuja dirishani. Na faili likitoka, weka kadi mahali pake, iseme liko kwa nani."

Bi Makabati alimpelekea mkuu njia hiyo, imeandikwa vizuri. Mkuu aliisoma yote, akasema, "Niliahidi," akaagiza kadi. Wiki zikapita. Kila mgonjwa aliyefika dirishani aliulizwa majina yake yote, na wengine walifurahia kuyataja. Mafaili ya mtu mmoja yaliunganishwa yakawa faili moja. La mdogo wake ndilo lililotangulia.

Uchungu ulimkamata mdogo wake mchana, siku ya mapumziko ya Bi Makabati, masjala ikiwa imeachiwa karani mwenzake. Seremala alikuwa mbali kazini. Aliyempeleka kituoni ni muuza mkaa wa jirani, na mgonjwa mwenyewe alifika hajitambui, hawezi hata kutaja jina. Habari zilipomfikia Bi Makabati alitoka mbio, kanga moja, kiatu kimoja kimekatika ukanda.

Alimkuta muuguzi wa zamu kwenye kibaraza cha wodi, ameketi.

"Mdogo wangu?"

"Mzima. Amezaa mvulana. Amelala."

Bi Makabati akavua kile kiatu kilichokatika. Akaketi palepale.

"Alikuwa na homa kali," muuguzi alisema taratibu. "Daktari wa zamu aliagiza sindano, nikaijaza. Yule muuza mkaa hamjui jina, anajua Mama Mapacha tu. Mwenzako wa masjala akaenda kwenye kadi, akaja na faili, mbio. Nikaona wino mwekundu. Nilikuwa nimeshamshika mkono, dada."

"Ilikuwa sindano ipi?"

"Ile ile."

Bi Makabati akaanza kulia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira. Aliwakasirikia wote waliowahi kusema faili ni karatasi tu, akajikasirikia na yeye mwenyewe kwa kila "tufungue jipya" aliyoitamka. Wangapi waliondoka dirishani kwake na onyo lao limebaki kwenye droo? Hakuwajua, na hatawajua.

Alipojifuta machozi, alitoa simu, akaandika kwenye kundi: "Leo kadi zimefanya kazi. Faili limepatikana kabla ya sindano."

Karani wa mahakama akajibu upesi: "Hongera sana. Faili la nani?"

Bi Makabati akaandika, "La mdogo wangu." Akayatazama maneno hayo. Alitamani dunia nzima iyasome. Lakini kanuni ile aliiandika yeye mwenyewe, na siri ile haikuwa yake. Akayafuta moja baada ya jingine, akaandika upya.

"La mgonjwa. Yuko hai."