Nilijua Kwa Nini Gari Langu Linachemka, Nikanyamaza

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, ninakaa Muhungu, hapa Bukavu. Watu wananiita Maman Neema, kwa jina la binti yangu wa pekee. Nimeanza kuandika mkasa huu mara nyingi nikauacha kwa sababu ya haya... Leo nimeamua muusome, hata kama mtanicheka.

Mume wangu alikufa kwa ugonjwa, akaniacha na Neema na gari dogo la zamani. Sikujua kuendesha. Mdogo wake, Deo, dereva wa malori, ndiye aliyenifundisha kwa uvumilivu mkubwa, bila kunigombeza hata siku moja. Nilipozoea, nikaanza kubeba watoto wa majirani, asubuhi nawapeleka shule, mchana nawarudisha. Kazi hiyo ndiyo ilitulisha.

Kisha gari likaanza kuchemka.

Mnaoendesha katika mji wetu mnajua, Bukavu ni milima tu. Kwenye barabara ya tambarare ule mshale wa joto ulitulia katikati. Nikianza kupanda na watoto wa shule nyuma, nao unapanda! Unapanda mpaka unakaribia alama nyekundu. Nilikuwa nasimama pembeni, nazima injini, nangoja lipoe, naongeza maji, naendelea. Watoto wanachelewa shule, wazazi wananuna. Ningefanya nini?

Mama mmoja wa parokia yetu akanielekeza kwa mekanisiye, fundi wa magari, aliyeitwa Justin.

Justin hakukimbilia kufungua vyuma kama wengine. Alisimama kwanza mbele ya gari, akaniuliza.

“Joto inapanda wakati gani, maman? Ukisimama mu ambutiyaji, magari imejaa mbele, ao ukipanda mulima? Maji inapunguka? Asubuhi unaona maji chini ya gari?”

Nilijibu moja moja, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Jamani... tangu mume wangu afe, hakuna mwanaume aliyekuwa ameniuliza maswali mengi hivyo na kungoja majibu yangu! Nafikiri ni siku ile ile nilipopotea.

Alikuta termostati, kile kidude kinachofunguka ili maji yazunguke kwenye injini, imekwama. Akaibadilisha. Nikapanda mpaka Bagira na gari limejaa, mshale haukutikisika. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya watoto.

Siku chache baadaye Justin akapita “kuangalia tu kama gari iko muzuri”. Nikamkaribisha bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Alikula vizuri, akasifu mkono wangu, akaangalia gari, akaenda. Kesho yake mshale ukapanda tena.

Nikampigia simu, akaja. Safari hii alisema ni hewa imeingia kwenye maji. Akaitoa. Akala. Wiki iliyofuata akasema ni vantilateri, ile feni ya kupoza injini, haizunguki. Akaitengeneza. Akala. Kisha ikawa mfuniko wa radiateri, pale maji yanapomiminwa... Kila juma ugonjwa mpya! Na mimi kila juma nguo mpya, nywele zimesukwa, sombe, yale majani ya muhogo, imeiva tangu saa tisa. Neema, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliniangalia tu bila kusema neno.

Aliyesema ni Deo. Alikuja siku moja kutusalimu, akakuta Justin ameketi kwenye kiti cha marehemu kaka yake. Alipobaki na mimi kwenye mlango, akaniambia kwa upole, “Shemeji, gari haiwezi kugonjwa magonjwa mingi vile. Peleka kwa mutu mwengine aangalie.”

Mnajua nilimjibu nini? Nilipaza sauti ili majirani wasikie! Nilisema ana wivu, nilisema anataka kuchukua gari la kaka yake, nilisema asirudi tena kwangu. Mtu aliyenifundisha kushika volani! Deo aliinamisha kichwa, akashuka mteremko bila kugeuka.

Baada ya hapo Justin akasafiri kwenda Shabunda kwa msiba wa mjomba wake, akakaa huko zaidi ya majuma mawili. Niliogopa, nani atalitazama gari? Lakini asubuhi ya kwanza nilipanda vizuri. Ya pili vizuri. Niliingia kwenye ambutiyaji ya Kadutu, jua kali, watoto wamejaa, mshale umetulia katikati kama gari jipya. Siku zote alizokuwa Shabunda, sikuongeza hata kikombe cha maji.

Akarudi. Akaja jioni, akanywa chai, akasema anaenda kuangalia gari kidogo.

Nilisimama kwenye dirisha la jikoni. Nilimwona akiinama, akiingiza mkono chini ya radiateri, kwenye tiyo ile kubwa ya chini, bomba la mpira linalopitisha maji. Ile tiyo imefungwa kwa mkanda wa chuma wenye skrubu. Niliona bisibisi. Niliona mkono wake ukizunguka... upande wa kufungua. Kidogo tu. Ya kutosha maji yatoke pole pole.

Wasomaji, hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa na mdomo, mbona sikupiga kelele? Nilikuwa na miguu, mbona sikutoka nje? Nilirudi kwenye sufuria, nikaongeza chumvi kwenye sombe. Moyo wangu ulikuwa unaimba! Nilijiambia, mwanaume huyu anataka sababu ya kurudi kwangu. Sababu ni mimi! Nikaona ni mapenzi. Nikaamua nitakuwa naongeza maji kila asubuhi, basi, hakuna atakayeumia.

Na kweli kila asubuhi niliongeza maji. Neema akaniona, akawa ananisaidia. Gari likiwa baridi, anafungua mfuniko, anamimina, anafunga. Sikumwambia kamwe kwamba likiwa moto ule mfuniko haufunguliwi. Kwa nini nimwambie? Ningeanza kumweleza joto, angeniuliza joto linatoka wapi.

Asubuhi moja tulichelewa, nikaondoka bila kuongeza maji. Tulikuwa tunapanda mlima, watoto nyuma wanaimba wimbo wa shule, Neema mbele pembeni yangu. Mshale ukapanda haraka kuliko siku zote. Nikasikia harufu, kisha moshi mweupe ukafunika kioo. Nikasimama, nikawatoa watoto wote, nikawapanga ukutani kando ya barabara.

Kisha nikampigia Justin.

Nilipaswa kuangalia gari. Nilipaswa kumwangalia mtoto wangu. Lakini niliwapa mgongo, simu sikioni, sauti yangu imekuwa tamu kama ya msichana. “Gari yako imenikatala tena,” nilimwambia. Akacheka. Nami nikacheka... Nilikuwa ninacheka, wasomaji, wakati Neema alipozungushia sweta ya shule mkononi na kufungua mfuniko ili tusichelewe!

Yale maji yaliruka kama bomba limepasuka. Kilio alichotoa mtoto wangu sitakieleza. Watoto wadogo walilia wote. Mkono wa kulia, bega, na upande wa shingo, ngozi ilibadilika mbele ya macho yangu.

“Justin, kuya mbio! Neema ameungua!” nilipiga kelele kwenye simu.

Simu ikakatika. Nilipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Nimpigie nani? Nilimpigia Deo. Yule niliyemfukuza! Hakuuliza swali hata moja. Alifika na gari la rafiki yake, akambeba Neema kama yai, akatupeleka hospitali, watoto wakabaki na mama mmoja muuzaji wa kando ya barabara. Kisha akarudi mlimani, akawafikisha watoto wa watu shuleni.

Mchana alinikuta nimekaa pembeni ya kitanda. Neema amefungwa bendeji, amefumba macho. Deo alisema kwa sauti ya chini, “Shemeji, niliangalia ile gari. Injini imekufa. Lakini tiyo ya chini haikujifungua yenyewe. Mutu njo alilegeza.”

“Najua,” nikasema.

Sijui kwa nini nilisema. Labda nilichoka kubeba.

“Unajua? Tangu lini?”

“Nilimwona kwa macho yangu. Zamani kidogo.”

Deo hakunitukana. Ningetamani anitukane! Kisha nikasikia sauti nyembamba kutoka kitandani.

“Maman... ulijua?”

Neema hakuwa amelala.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali mbele ya wagonjwa wengine. Aligeuza uso ukutani.

Neema amepona, lakini mkono haunyooki wote, na shingo imebaki na kovu. Alipotoka hospitali aliomba kwenda kukaa Bagira kwa Deo na mke wake. Sikumzuia. Jumapili ananitembelea, tunakula, ananieleza habari za masomo kwa heshima kama mtu anayezungumza na mgeni. Wazazi wamewapeleka watoto wao kwa dereva mwingine, na gari niliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Sasa nauza unga sokoni.

Justin hakukanyaga tena kwangu. Kama alinipenda, kama alipenda chakula tu, mpaka leo sijui. Aibu kubwa zaidi niiseme? Siku nyingine mtu akibisha mlango jioni, moyo wangu bado unaruka kabla ya akili yangu kukumbuka.

Dada zangu, upweke si dhambi, na kupenda si dhambi. Lakini ukiona mtu anaharibu kitu chako ili uendelee kumhitaji, usijidanganye kwamba ni mapenzi. Sema siku hiyo hiyo. Piga kelele! Ukinyamaza, anayeungua anaweza kuwa yule aliyekuamini kuliko wote. Na yule anayekuonya kwa upole mlangoni, usimfukuze.

Nimesikia Justin anatengeneza gari la mwanamke mmoja upande wa Panzi, naye pia anaishi peke yake na watoto. Wanasema gari lake linachemka kila anapopanda. Nimetoka nyumbani mara mbili kwenda kumwona, haya ikanirudisha njiani. Ndiyo maana nimeandika. Dada, sikujui jina. Kama umesoma mpaka hapa, weka karatasi hii chini, toka nje uiangalie ile tiyo ya chini. Na tafadhali, ngoja kwanza gari lipoe.